Mlima Haujui Sikukuu

Maikrofoni imesimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu, karibu na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, nayo imevikwa koti la manyoya ya bandia ili upepo usiipige moja kwa moja. Waya mwembamba unashuka hadi kwenye kinasa sauti kilichofunikwa mfuko wa plastiki kwa tahadhari ya mvua. Mwenye vyombo hivyo amekwisha kuvitega, akaondoka, akaenda kusimama mbali kidogo na mikono mifukoni, lisije koti lake likachakarisha na kuingia katika kile alichokuja kukichukua. Hapa ni Ais Gill, kaskazini mwa Uingereza, kilele cha reli inayounganisha Settle na Carlisle, mita 356 juu ya usawa wa bahari. Hakuna stesheni, hakuna duka. Kuna kondoo, nyasi fupi zilizolazwa na upepo, na mlima Wild Boar Fell ulioliinamia bonde. Wenye kamera wamejipanga kando ya uzio, wamekaza macho upande wa kaskazini. Yeye macho ameyashusha chini, kwa kuwa leo hayana kazi. Garimoshi la mvuke lililobeba watalii linapanda kutoka Carlisle, na mtu huyu hakuja kulitazama. Amekuja kulisikiliza, tena kwa niaba ya watu ambao hawapo.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wahenga, na methali hiyo hutimia taratibu sana juu ya kilima kinachosubiri injini ya mvuke. Kwanza hakuna kitu. Kisha kuna kitu ambacho huna hakika nacho: huenda ni upepo ukutani, huenda ni trekta la mkulima bondeni, huenda ni damu inayopita katika sikio lako mwenyewe. Halafu kinakatika, kwa sababu garimoshi limeingia kati ya kingo mbili za udongo, au limemezwa na handaki la Birkett lililoko chini huko baada ya stesheni ya Kirkby Stephen. Na kinapokatika ndipo unapojua kwamba kilikuwepo. Kikirudi kimekwisha kupata umbo. Bonde la Mallerstang limebanwa na milima pande mbili, na sauti hupanda humo ikigongwa huku na huku, ikisogea na kurudi nyuma kadiri upepo unavyotaka, ilhali garimoshi lenyewe halijarudi nyuma hata hatua moja. Mvuke mweupe wa honi huonekana kutoka umbali wa kilometa moja, na honi yenyewe hufika sekunde 3 baadaye, maana sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ndani ya sekunde hizo jicho limekwisha kupata habari, sikio bado linangoja. Sauti haikufikii mpaka iwe imepita njia yote iliyo kati yenu, na kila kilichomo njiani, jiwe, mti, unyevu, ubaridi wa hewa, huitia alama yake kabla hujaipokea.

Na mlio wenyewe ni nini? Asiyeijua injini ya mvuke hudhani ni kelele za chuma kugongana na chuma, lakini injini iliyotunzwa vizuri chuma chake husema kwa sauti ya chini. Kinachosikika kutoka mbali ni pumzi. Maji huchemshwa ndani ya boila. Mvuke wenye shinikizo kubwa huingizwa kwenye silinda na kusukuma pistoni. Pistoni huzungusha gurudumu. Kisha mvuke huo, ukiwa umekwisha kutumika, hutupwa nje kupitia bomba jembamba lililoelekezwa juu, chini ya dohani. Kila unapotupwa hupiga pigo moja, na kila pigo likitoka huvuta hewa nyuma yake, hewa hiyo hupita katikati ya moto, na moto huzidi ukali. Injini ya mvuke ni mhunzi aliyefunga mivukuto kwenye nyundo yake mwenyewe: kadiri apigavyo kwa nguvu ndivyo moto unavyopulizwa, na kadiri moto unavyopulizwa ndivyo apatavyo nguvu za kupiga. Ukimnyamazisha, moto utalegea, na garimoshi litakwama mlimani. Kuna mashine nyingi ambazo kelele yake ni mabaki ya kazi, kitu cha kupunguzwa na kuombewa radhi. Kwa injini hii kupumua kwa kishindo ndiko kunakoiendesha, na anayeirekodi anarekodi kiini cha kazi yake.

Wanaorekodi huyajua mapigo hayo kwa hesabu. Injini ya silinda 2 hupiga mara 4 katika kila mzunguko wa gurudumu, kwa sababu kila pistoni husukumwa mbele na nyuma. Zile za silinda 3, mathalani zilizobuniwa na Nigel Gresley kwa safari za kasi kati ya London na Scotland, hupiga mara 6. Zile za aina ya Lord Nelson, zenye silinda 4 zilizopangwa kwa pembe isiyo ya kawaida, hupiga mara 8. Katika injini nyingi za Gresley, valvu ya silinda ya katikati haina mtambo wake. Hupokea mwendo kutoka kwa valvu mbili za nje, na viungo vikilika kidogo, mapigo huanza kuchechemea, fundi akayatambua kabla hajaiona injini. Gurudumu kubwa la injini hizo za kasi lina kipenyo cha mita 2 na kidogo. Zikikimbia kilometa 96 kwa saa, gurudumu huzunguka zaidi ya mara 4 kwa sekunde na mapigo hufika 25 katika sekunde hiyo moja, wala sikio la binadamu haliwezi tena kuyatenganisha; yanaungana kuwa mngurumo. Lakini mlima ukianza, kasi ikishuka hadi nusu, kisha theluthi, mapigo huachana, kila moja likasimama peke yake. Ndipo unapomsikia dereva akifungua mvuke zaidi. Ndipo unaposikia gurudumu likiteleza juu ya reli iliyolowa, mapigo yakimwagika ovyo, kisha mchanga ukinyunyizwa na chuma kushika chuma tena. Kasi huficha, mzigo hufichua.

Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwenye reli mambo ni kinyume, ngoma iko kwenye kupanda. Garimoshi linaposhuka, dereva hufunga mvuke, na tani zote zile huteremka kwa sauti ya magurudumu tu. Kwa hiyo wenye vinasa sauti huenda kwenye miinuko: Shap, ambako reli hupanda mita 1 kwa kila mita 75, Lickey, karibu na Bromsgrove, ambako hupanda mita 1 kwa chini ya mita 38, zaidi ya kilometa 3 mfululizo, na hapa, ambako mwinuko ni mita 1 kwa 100. Mtu anayetembea kwa miguu hawezi hata kuuita huo mlima. Kwa garimoshi la tani 400 na zaidi, magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma, ni mtihani wa nusu saa. Uingereza ina reli fupi nyingi zinazoendeshwa na wapenzi wa mvuke, na huko injini za zamani hutembea karibu kila wikendi, lakini kwa kawaida haziruhusiwi kuzidi kilometa 40 kwa saa, na mabehewa yake ni machache. Huko injini inaonekana vizuri, inang'aa, inanusika, inaguswa. Inapotolewa kwenye njia kuu, ikafungiwa mabehewa 11 na kuelekezwa mlimani, hapo ndipo inapofungua kifua. Ndiyo maana nasema sauti haikai ndani ya injini. Inakaa kati ya injini na mlima, na kimoja kikiondoka, hakuna sauti.

Wako pia wanaorekodi wakiwa ndani ya garimoshi, katika behewa la kwanza nyuma ya injini, maikrofoni ikiwa karibu na dirisha lililoteremshwa. Kwao hakuna kuja wala kupita. Injini iko pale pale wakati wote, hatua chache mbele yao, na kinachobadilika ni nchi. Garimoshi likiingia kati ya kingo za udongo, mapigo hukaribia na kuwa mazito, likitoka, husambaa. Likiingia katika handaki la Blea Moor, lenye urefu wa kilometa 2.4, sauti yote hurudi na kuwafunika. Likipita juu ya daraja la Ribblehead, lenye matao 24 na kimo cha mita 32, ardhi huondoka chini ghafla, na mlio uliokuwa ukirudishwa na kila jiwe haupati tena pa kugonga. Huenda zake katika upepo wa nyanda zile. Mtu aliyefumba macho anaweza kuisoma safari nzima kwa sikio: hapa kuna mwamba, hapa kuna msitu, hapa hakuna kitu. Injini hutoa swali lile lile maelfu ya mara, na nchi hujibu kila mara kwa namna yake.

Kwa muda sauti hii ilikaribia kuzimwa kabisa. Machi 1960, katika karakana za Swindon, ilizinduliwa Evening Star, injini ya mwisho ya mvuke kujengwa kwa ajili ya shirika la reli la taifa la Uingereza. Tarehe 11 Agosti 1968 garimoshi la kuaga liliondoka Liverpool, likapita Manchester, likapanda reli hii hadi Carlisle na kurudi, na kwa hilo mvuke ukamalizwa rasmi katika njia kuu za abiria. Ilikuwa miaka 8 na miezi michache tu tangu kuzaliwa kwa Evening Star, iliyokusudiwa kufanya kazi kwa miongo. Maelfu ya injini yalikatwakatwa yakauzwa kwa uzito wa chuma. Zile chache zilizonunuliwa na kutunzwa, karibu zote zilifungiwa nje ya njia kuu, hadi Oktoba 1971 injini iitwayo King George V iliporuhusiwa kuvuta tena mabehewa ya wageni. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na huenda hakuna aliyetazamia kwamba ngoma iliyovuma kwa zaidi ya karne moja ingepasuka upesi hivyo. Ila mlango uliofunguliwa tena mwaka 1971 haujafungwa hadi leo, na kila mwaka magarimoshi ya matembezi huipanda milima hii.

Kabla ya kufungwa huko, alikuwepo mtu aliyekwisha kuanza kusikiliza. Peter Handford, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2007, alikuwa fundi sauti wa filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mvuke ungali jambo la kila siku, lisilomshangaza mtu, alianza kubeba vyombo vizito vya kurekodia hadi kwenye vilima na stesheni, mara nyingi usiku, wakati motokaa zimelala na sauti inasafiri mbali. Alianzisha lebo yake, Transacord, akatoa santuri zenye milio ya magarimoshi, na watu wakazinunua na kuzipiga sebuleni mwao, walipokuwa bado wanaweza kuufungua mlango na kusikia milio ile ile bure. Ujasiri wake ninauona hapo. Sisi wengi hutunza kilichokwisha kuwa adimu. Tunaiona thamani ya jambo likiwa limebakiza mguu mmoja ndani ya nyumba. Kusimama gizani na kuchukua kwa uangalifu wote kitu kilichojaa tele, ambacho kesho kitapita tena saa hiyo hiyo, kunataka upendo usiosubiri msiba ndipo uamke. Mwaka 1955 ulipotangazwa mpango wa kuweka dizeli na umeme mahali pa mvuke, yeye alikuwa kazini tayari.

Na mikononi mwake injini haikuwa peke yake. Handford aliacha mahali pawepo: mvua juu ya paa la jukwaa la abiria, wapagazi wakiitana, ndege wa alfajiri, ukimya wa kijiji baada ya mabehewa ya mizigo kwisha kupita. Anayerekodi kwa bidii hutaka awali ya yote injini yake, na huuona mlio wa kondoo au mbwa wa jirani kuwa kero. Miaka hupita, na kero ile hugeuka hazina. Yule mpagazi hayupo, ile kazi yake haipo, na lafudhi aliyoitia jina la stesheni imefifia. Maji yakimwagika hayazoleki, na sauti ni maji yanayomwagika daima. Hata hivyo kanda huteka kikombe kimoja, na ndani ya kikombe hicho huwamo vumbi la mahali pale, ambalo hakuna aliyekusudia kuliteka. Tunachagua tunachotaka kukikumbuka, na wakati nao huongeza vyake.

Huwa naifikiria injini iitwayo Tornado. Mwaka 1948 na 1949 zilijengwa injini 49 za aina ya A1, zilizobuniwa na Arthur Peppercorn kwa ajili ya magarimoshi mazito ya London na kaskazini. Kufikia mwaka 1966 zote zilikuwa zimeondolewa kazini, na hakuna hata moja iliyonusurika. Jamii nyingine zilibakiza mifupa kwenye yadi za vyuma chakavu, ikaokotwa na kufufuliwa. Jamii hii haikuacha hata mfupa. Ilibaki michoro, zikabaki picha, na mlio wao ukabaki kwenye kanda na katika vichwa vya wazee. Kisha watu wa kawaida wakachanga fedha mwezi baada ya mwezi, haba na haba, na mwaka 2008 huko Darlington ikakamilika Tornado, injini mpya kabisa, yenye namba inayofuata ya mwisho katika ukoo huo, 60163. Januari 2009 ilivuta abiria kwa mara ya kwanza katika njia kuu. Kwa zaidi ya miaka 40 sauti ya A1 ilikuwa haina mwili, na mwili ulipokuja, walikuwepo waliokuwa wakiingoja kwa masikio. Tumezoea kusikia kwamba sauti ndiyo dhaifu na chuma ndicho kidumucho. Hapa chuma kilitangulia kufa.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni maigizo. Abiria wamelipa ili wanywe chai mezani wakitazama milima. Garimoshi halipeleki barua, halipeleki makaa, wala hakuna mahali litakapochelewesha maisha ya mtu. Ni kweli. Ila mlima haujui sikukuu. Hauwezi kuambiwa kwamba leo ni mchezo ili upunguze uzito wa mabehewa. Moto usipolishwa, shinikizo hushuka; beleshi la mtupia makaa hulazimika kwenda na kurudi, tani baada ya tani, na mgongo wake huuma kama ulivyouma mgongo wa aliyemtangulia mwaka 1930. Ndiyo sababu wanaorekodi husononeka wakisikia kwamba dizeli imefungwa mkiani kusaidia kusukuma. Wanajua kuna siku ni lazima, hasa kiangazi kikiwa kikavu na cheche zikiogopewa. Lakini sikio lao hutambua: mapigo huwa mepesi, huenda bila kuhangaika, na kile kinachosikika si tena injini na mlima uso kwa uso. Mtu anaweza kuivalisha injini rangi ya zamani na namba ya zamani, juhudi haivalishwi. Ama ipo, ama haipo, na kinasa sauti hakiwezi kudanganywa kwa mapambo.

Handford huyo huyo aliwahi kufika kwetu. Alikuwa miongoni mwa mafundi wanne waliopata Oscar ya sauti mwaka 1986 kwa filamu ya Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ambayo mwanzoni mwake garimoshi la mvuke linakata nyika. Wakati huo mvuke ulikuwa umekwisha kuondoka katika kazi za kila siku za reli ya Kenya. Lakini kati ya mwaka 1955 na 1956 zilikuwa zimeletwa kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester injini 34 za aina ya 59, Garratt zenye uzito wa tani 252, kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kazi yake ilikuwa kuupanda mlima mmoja mrefu kuliko yote: kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu, zikivuta tani 1,200. Garratt ina boila moja na injini mbili chini yake, moja mbele na moja nyuma, wala magurudumu ya hii hayakuunganishwa na ya ile. Kwa hiyo mapigo yake huanza pamoja, kisha taratibu moja hubaki nyuma ya jingine, yakawa mapigo 8 badala ya 4, yakachanganyika, yakaachana kabisa, halafu, bila mtu kugusa kitu, yakakutana tena. Aliyelala Voi au Makindu usiku wa miaka hiyo aliisikia ngoma hiyo ya wapigaji wawili wasiotazamana.

Mbili kati ya hizo ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena, milima miwili ya Tanzania iliyosimama juani katika mji mkuu wa Kenya. Mount Gelai iliwahi kufufuliwa na kutembea tena katika njia kuu mwanzoni mwa karne hii. Ukizikaribia utashangaa ukubwa wake. Mtoto anaweza kupita chini ya boila bila kuinama sana. Unaweza kupima kila kitu chake, kusoma kibao cha kiwanda, kupanda ngazi na kushika wenzo wa mvuke. Kila kitu kipo, na jambo lenyewe halipo. Watoto wetu wanalijua hili bila kufundishwa. Wanapocheza garimoshi hushikana mashati, wakavuta pumzi, wakaanza kutoa mlio, polepole kwanza, kisha haraka. Hakuna anayejisumbua kuchora magurudumu. Wameelewa kwamba garimoshi ni pumzi iliyobeba mzigo, na mengine ni sanduku.

Sauti hii nzuri inao upande wake wa kiza, na anayeipenda hana budi kuukabili. Reli ya Settle na Carlisle ilichimbwa na maelfu ya vibarua waliokaa kambini katika mvua na baridi, na wengi wao, pamoja na watoto wao, walizikwa katika kanisa dogo la Chapel-le-Dale. Abiria wa kwanza walipita mwaka 1876. Mwaka uliofuata, 1877, Thomas Edison alitengeneza fonografu, chombo cha kwanza kuweza kunasa sauti na kuirudisha. Sururu na nyundo za wale vibarua zilinyamaza mwaka mmoja kabla ya dunia kupata sikio la kuzihifadhi. Kwetu, kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria ilijengwa na karibu watu 32,000 walioletwa kutoka India, pamoja na Waafrika wa njiani, na takriban 2,500 kati ya hao Wahindi walikufa. Historia imetuachia hesabu yao. Sauti zao haikutuachia. Kila mara ninaposikia mapigo yakiupanda mlima kwa fahari, nakumbuka kwamba huo ni mwinuko uliosawazishwa kwa mikono, na kwamba tunaweza kusikiliza jasho la mashine kwa sababu jasho la watu lilitangulia bila kusikilizwa.

Huenda hapo ndipo ilipo adabu ya kazi hii ndogo. Kurekodi ni kujiondoa. Mpiga picha huchagua, hukata, huingiza hiki na kutoa kile. Mwenye maikrofoni hutega, kisha hana lingine isipokuwa kunyamaza na kuwaomba wenzake wanyamaze. Garimoshi likishapita, wenye kamera hupumua, hucheka, huanza kuonyeshana picha. Yeye huinua kiganja kuwazuia, maana kwake garimoshi bado lipo. Mabehewa yamekata kona, dereva amefika kileleni na kufunga mvuke, lakini bonde lingali na kitu cha kurudisha, na rekodi iliyokatwa mapema ni habari isiyo na mwisho wake. Dakika hizo mbili au tatu za kusubiri kitu kiishe chenyewe ni nadra sana katika zama zetu. Tunajua kuanza kusikiliza. Wachache wanajua kuacha kusikiliza kwa wakati wake. Hata katika mazungumzo ya watu tunakurupuka kujibu, mwenzetu hajamaliza kupanda mlima wake.

Leo kutoka Mombasa hadi Nairobi watu husafiri kwa reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma kwa mvumo mwembamba ambao mtoto wa leo ataukumbuka uzeeni kwa machozi. Sisikitiki kwa hilo. Garimoshi la mvuke lilikuwa na moshi mwingi na lilikula migongo ya watu, na anayeidai dunia yote ile irudi hajawahi kushika beleshi. Ninachokidai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Tumefundishwa kwamba kutunza ni kuzuia: weka ndani, funika, andika kibao, mtu asiguse. Injini zinazopanda Ais Gill zinafundisha kutunza kwa namna nyingine. Vyuma vyake hulika kwa kila safari, mirija ya boila hubadilishwa, vipande vipya huchukua nafasi ya vya kale, na kwa kulika huko ndiko zinakobaki zenyewe. Lugha isiyosemewa jambo zito hubaki msamiati. Desturi isiyobeba shida ya mtu hubaki mavazi. Mzee tunayemheshimu bila kumpa neno la kuamua tumemfanya picha ya ukutani. Kitu unachokipenda kipe mzigo kinaoustahili na mlima wa kuupanda, hata kama kitachakaa. Na usipokuwa na uwezo wa kukipa mlima, msikilize anayeupanda leo, maadamu bado anapanda, bila kumkatiza.